Siku nne za baiskeli mbali na magari: kutoka Guildford hadi Forges-les-Eaux kupitia mabonde ya chaki

Vilima vya kusini mwa Uingereza vinaitwa Downs. Anayejua Kiingereza cha darasani atadhani ni mteremko mtupu. Kumbe neno lenyewe ni la kale na maana yake ni kilima, jambo nililoligundua nikiwa nasukuma baiskeli kwa mkono, nimefunga hema kwenye keria, nikipanda Ditchling Beacon yenye mita 248. Tangu siku hiyo sipandi tena vilima hivyo na mzigo. Napita chini, pale mito ilipovikata, na hiyo ndiyo safari nitakayoieleza hapa: siku 4, kuanzia Guildford hadi pwani ya Brighton, kisha meli hadi Dieppe nchini Ufaransa, na kumalizia Forges-les-Eaux.

Kwanza tuelewane kuhusu ardhi, kwa sababu ukiielewa, ramani itakusomekea yenyewe. Chaki ni jiwe jeupe laini lililotokana na mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, waliorundikana kwenye sakafu ya bahari enzi za dinosaria. Tabaka hilo linapita chini ya bahari nyembamba inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, ndiyo maana magenge meupe ya Sussex, eneo la pwani ya kusini ya Uingereza, na yale ya Dieppe yanafanana kama mapacha. Jiwe hili hunywa maji. Juu ya vilima ni kukavu, huoni kijito. Maji huchuja hadi chini na kutokea mabondeni. Na maji hufuata mkondo. Mto Adur umevikata vilima na kufika baharini Shoreham, mto Ouse umevikata kwenye mji wa Lewes, na upande wa pili mto Béthune unateremka hadi Dieppe.

Karne ya 19 wajenzi wa reli nao waliyafuata maji, maana treni ya mvuke ilikuwa haiwezi mlima. Miaka ya 1960 reli nyingi ndogo zilifungwa kwa kukosa faida, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki. Tuta hilo ndilo barabara yako. Limesawazishwa kwa ajili ya treni, kwa hiyo hata mwenye miguu ya kawaida kama yangu humaliza kilomita 50 kwa siku bila kuapa kwamba hatarudia.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya baiskeli

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapokwama. Visa ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Schengen hata kama anaishi na kufanya kazi Uingereza kihalali miaka yote. Iombe mapema, miezi miwili mitatu kabla, kwa sababu miadi ya majira ya kiangazi hujaa. Angalia pia kwamba ruhusa yako ya Uingereza itakuwa hai siku utakayorudi. Kama visa haijapatikana, usiahirishe safari nzima: siku mbili za kwanza hazivuki mpaka na zinajitosheleza.

Chagua tarehe kati ya mwisho wa Aprili na Septemba. Mwezi Juni jua la Sussex linatua baada ya saa tatu usiku, na Ufaransa, ambako saa iko mbele kwa saa moja, utakuwa bado unaona njia saa nne. Mimi mara ya kwanza nilikwenda Februari, kwa sababu vyumba vilikuwa bei poa. Kati ya safu ya kaskazini na ile ya kusini ya vilima hivi vya Downs kuna ukanda wa udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi ukilowa hushika kila kitu. Madigadi yangu yalijaa tope hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Nilitembea kilomita 4 nikibeba kile kilichopaswa kunibeba.

Hatua ya pili: baiskeli na mzigo

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Ile nyembamba ya lami itakutesa upande wa Uingereza, ambako njia ni changarawe, udongo na mizizi ya miti. Baiskeli yoyote imara ya mjini au ya milimani inafaa, mradi tairi ziwe na upana wa milimita 35 hadi 45 na gia ya chini kabisa iwe nyepesi. Usijaze upepo hadi tairi iwe kama jiwe. Punguza kidogo, utashukuru mgongo.

Mzigo ukae kwenye keria, ndani ya mabegi mawili ya pembeni, si mgongoni. Begi la mgongoni linaonekana rahisi asubuhi, ila ikifika saa nane mchana mabega yanakudai. Jumla isizidi kilo 12 kama unalala nyumba za wageni. Gawa uzito sawa pande zote mbili, halafu wiki mbili kabla ya safari piga mzunguko wa kilomita 30 na mzigo wote ukiwa umefungwa. Hapo ndipo utajua kama kiti kiko juu mno au skrubu ya keria imelegea.

Vifaa vya pancha ndivyo visivyo na mjadala. Ndani ya chaki kuna mawe ya gumegume, yale yale ambayo watu wa kale waliyachonga kuwa visu, na yakivunjika makali yake hayajasahau kazi hiyo. Beba tyubu mbili mpya, viraka na gundi yake, vijiti vya kubandulia tairi na pampu. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi kutafuta kipande kilichokwama. Mimi nilipata pancha karibu na Upper Beeding, nikabadilisha tyubu kwa haraka za kujionyesha mbele ya watu, nikapata pancha ya pili baada ya mita 200. Kipande kilikuwa bado kimo.

Ongeza kengele, taa za mbele na nyuma, kufuli na mafuta kidogo ya cheni. Helmeti sheria ya Uingereza haimlazimishi mtu mzima, nami naivaa.

Hatua ya tatu: kusoma alama za njia

Uingereza kila njia ina daraja lake la kisheria, na rangi ya mshale hukuambia. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu peke yao, usiingize baiskeli. Wa bluu ni njia ya farasi, ambayo tangu sheria ya mwaka 1968 waendesha baiskeli nao wanaruhusiwa, kwa sharti la kuwapisha watembeao na wapanda farasi. Wa zambarau unaruhusu baiskeli lakini si magari. Mwekundu umeruhusu vyote, gari nalo, ingawa mara nyingi utakuwa peke yako.

Mbali na mishale kuna vibao vya bluu vyenye picha nyeupe ya baiskeli na namba kwenye kisanduku chekundu. Hizo ni njia za mtandao wa baiskeli wa taifa. Utakayoifuata siku ya kwanza ni namba 223, na jina lake ni Downs Link.

Ukimkuta farasi, usimpigie kengele kwa nyuma ghafla. Punguza mwendo, sema "hello" kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali, subiri mpandaji akuruhusu, kisha pita kwa nafasi pana. Farasi anaitambua sauti ya binadamu. Kitu kinachokuja kimya kimya nyuma yake hukichukulia kuwa simba.

Siku ya kwanza: Guildford hadi Bramber, kama kilomita 52

Panda treni London Waterloo, ushuke Guildford. Epuka saa za msongamano asubuhi na jioni siku za kazi, maana baiskeli isiyokunjika hairuhusiwi kwenye treni nyingi za wakati huo. Jumamosi au Jumapili hakuna taabu, ila hakikisha siku hiyo reli haiko kwenye matengenezo ukawekwa kwenye basi, kwani mabasi hayo mara nyingi hayachukui baiskeli.

Rasmi, Downs Link inaanzia kilima cha St Martha's, nje kidogo ya mji. Achana na mwanzo huo. Ni mchanga mzito, utasukuma. Toka Guildford kwa kufuata bonde la mto Wey kuelekea Shalford, na uingie kwenye njia ya reli Bramley. Utajua umefika kwa sababu jukwaa la stesheni ya zamani bado lipo pembeni, na kibao cha jina kimesimama kana kwamba treni imechelewa kidogo tu.

Kuanzia hapo ni kivuli na ndege. Cranleigh ni mahali pa kununua chakula cha mchana. Baada yake maduka ni machache. Kisha inakuja Baynards, ambako reli ilipita kwenye handaki. Handaki limezibwa, hivyo njia inaliacha tuta na kupanda juu ya kilima. Ndiyo mlima pekee wa maana siku hii nzima. Shuka usukume kama ni lazima, hakuna anayekuangalia.

Mbele kidogo, baada ya Rudgwick, simama kwenye daraja la mto Arun na uteremke ngazi ulitazame kwa chini. Ni madaraja mawili, moja juu ya jingine: chini tao la matofali, juu yake boriti za chuma. Reli ilipokamilika mwaka 1865 mkaguzi wa serikali aliona mwinuko wa kuingilia stesheni ya Rudgwick ni mkali mno, mita 1 ya kupanda kwa kila mita 80, akakataa stesheni ifunguliwe. Wajenzi ikabidi wainue tuta lote, na daraja jipya likawekwa juu ya lile la zamani. Leo mwinuko ule waliouita mkali wewe usingeuona hata kidogo. Picha ya daraja hilo ndiyo nembo kwenye vibao vya njia nzima.

Unapita Slinfold na Christ's Hospital, halafu Southwater, ambako uwanjani kuna sanamu ya dinosaria aina ya Iguanodon. Mifupa yake ilichimbwa kwenye machimbo ya matofali hapo hapo. Ni mahali pazuri pa chai. Baada ya West Grinstead na Partridge Green miti inafunguka, mto Adur unajitokeza kwenye malisho, na mbele yako ukuta wa kijani wa vilima vya kusini unaziba upeo wote. Mgeni hujiuliza: nitapita wapi? Endelea tu. Baada ya Henfield ukuta huo unaanza kuachia mlango, na mlango wenyewe ni mto.

Lala Bramber, Upper Beeding au Steyning, vijiji vilivyogusana. Weka nafasi mapema. Kuhusu chakula, baa za vijijini ndizo mikahawa yao. Asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali atapata samaki na chipsi, au kiazi kikubwa cha kuokwa chenye maharage, ambacho baada ya kilomita 52 hakina mpinzani.

Siku ya pili: baharini, kisha bonde la Ouse

Asubuhi hii ni ya kilomita 8 tu hadi Shoreham, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unapita katikati ya vilima, mto ukiwa kando, maji yakipanda na kushuka kwa kupwa na kujaa. Kiwanda cha saruji kilichoachwa tangu mwaka 1991 kimesimama mbele ya kilima kilichokatwa, jeraha jeupe la chaki likionekana kutoka mbali. Waliokulia Tegeta, Dar es Salaam, wakaiona Wazo Hill ikitafunwa wataelewa mara moja. Baadaye inatokea kanisa la chuo cha Lancing juu ya mteremko, na mwishoni daraja la mbao la Old Shoreham, lililofungwa kwa magari. Pumzika hapo. Benchi zipo.

Shoreham hadi Brighton ni kama kilomita 10 kando ya bahari. Nisikudanganye: kipande cha bandarini kina malori siku za kazi. Endesha kwa utulivu, na ukifika Hove utapata njia ya baiskeli ya ufukweni.

Kutoka Brighton kwenda Newhaven wengi hufuata barabara ya juu ya magenge. Mimi siipendekezi, ina magari mengi na upepo. Panda treni ya kwenda Seaford, hakikisha ni ile inayosimama Southease, ushuke hapo. Stesheni ni jukwaa tu katikati ya malisho ya bonde la Ouse. Karibu kabisa kuna hosteli ya vijana ya YHA, na wazee hupokewa vilevile. Vuka mto uingie kijijini kuona kanisa lenye mnara wa duara. Sussex ina makanisa matatu tu ya namna hiyo na yote yamo kwenye bonde hili. La pili utalipita Piddinghoe, maana njia iitwayo Egrets Way inakupeleka huko na kukushusha hadi Newhaven, kilomita 6 hivi kwa jumla.

Mwenye nguvu za ziada na baiskeli isiyo na mzigo anaweza kuiacha ratiba yangu hapa akapanda South Downs Way, njia ya farasi ya kilomita 160 kati ya Winchester na Eastbourne inayopita juu ya migongo ya vilima. Mandhari yake ni ya kumtoa mtu machozi. Miinuko nayo vilevile. Mvua ikinyesha usiende: chaki iliyolowa huteleza kama sabuni, na hakuna breki inayobishana nayo. Chupa zako zijaze chini, kwa sababu nilizozieleza hapo juu.

Siku ya tatu: meli, kisha upande wa kulia

Meli ya Newhaven hadi Dieppe huchukua kama saa 4. Kata tiketi mtandaoni na utaje kwamba una baiskeli. Utapanga foleni pamoja na magari, utaingia nalo kundi hilo, na mfanyakazi atakuonyesha ukuta wa kuegesha na kamba ya kufungia. Funga vizuri, toa pasipoti, pesa na sweta kwenye mabegi, kwa sababu ukishapanda juu ghala la magari linafungwa. Sakafu ya chuma huwa na mafuta. Isukume baiskeli, usiiendeshe.

Ukishuka Dieppe, endesha upande wa kulia. Waliokulia Goma, Kigali au Bujumbura watajisikia nyumbani. Sisi wa Dar, Mombasa na Kampala tuna hatari ya kujisahau, hasa ukianza tena baada ya kusimama dukani. Mimi hubandika kipande cha plasta mkono wa kulia wa usukani.

Njia ya kutoka mjini kwenda Arques-la-Bataille, kama kilomita 6, ndiyo kipande chenye magari. Hapo mito mitatu, Béthune, Varenne na Eaulne, inakutana kuwa mto mmoja uendao Dieppe. Karibu na mabwawa ya hapo inaanza Avenue Verte, sehemu ya njia ya baiskeli ya London hadi Paris iliyozinduliwa mwaka 2012. Ni tuta la reli ya zamani ya Dieppe kwenda Paris, na tofauti na changarawe ya jana, hii ni lami safi. Gurudumu linaimba.

Hadi Neufchâtel-en-Bray ni kama kilomita 36 kutoka bandarini. Nyumba ndogo za walinzi wa makutano ya reli bado zipo, kila moja na namba yake. Sasa ni makazi ya watu wenye bustani za maua. Kwenye kila makutano na barabara kuna vizuizi vya kupunguza mwendo: simama, tazama kushoto kwanza. Mesnières-en-Bray ina kasri kubwa linaloonekana kutoka njiani.

Tahadhari ya tumbo: vijijini maduka mengi hufunga mchana, na Jumapili alasiri hadi Jumatatu unaweza usipate hata mkate. Nunua Dieppe kabla ya kuondoka. Ukifika siku ya Jumamosi, soko lao linajaza mitaa ya katikati ya mji, na kikapu chako kitajaa chenyewe.

Siku ya nne: Forges-les-Eaux na kurudi

Neufchâtel ni mji wa jibini yenye umbo la moyo. Ni laini, ina chumvi, na inasafiri vibaya kwenye joto, hivyo uile asubuhi hiyo hiyo na mkate. Kutoka hapo hadi Forges-les-Eaux ni kilomita 17 hivi. Tuta linapanda, ila kwa upole kiasi kwamba utadhani ni uchovu tu. Ardhi nayo inabadilika: hapa kwenye eneo la Bray chaki ilivimba ikaliwa katikati, kama ilivyokuwa kwa ule ukanda wa mfinyanzi wa Sussex, kwa hiyo unarudi kwenye malisho mabichi na ng'ombe. Forges ni mji wa chemchemi za maji ya madini. Mfalme Louis XIII, malkia wake na kadinali Richelieu walikuja kuyanywa mwaka 1633.

Kurudi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kugeuza na kuteremka kilomita zote hadi Dieppe. Safari hii mteremko uko upande wako, na mtu aliyelala Forges hufika melini alasiri bila haraka, isipokuwa upepo wa bahari umeamua vingine. Basi uutengee saa moja ya ziada. Ya pili ni kwenda Serqueux, kilomita 3 hivi, upande treni ya Rouen, na kutoka Rouen treni nyingine hadi Dieppe. Angalia ratiba siku moja kabla, kwani treni za Serqueux si nyingi, na uliza kama baiskeli inahitaji nafasi ya kulipiwa kabla, hasa Julai na Agosti.